Nilimwita mwizi mbele ya kwaya nzima, kumbe hela zilikuwa kwenye koti langu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, pokea salamu zangu. Nina miaka 58, ni mkulima na fundi seremala, na kwa miaka 17 nimekuwa mwenyekiti wa kwaya ya usharika wetu. Niliikuta ina watu 9 na ngoma moja iliyopasuka. Leo tuko 43, tuna kinanda, tuna spika zetu wenyewe, na tumeshaalikwa kuimba hadi Dodoma na Mbeya. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka uelewe ni kitu gani naogopa kukibomoa.

Mwezi wa tatu nilifiwa na kaka yangu. Siku ya mazishi mweka hazina wetu, binti wa miaka 26, alinifuata pale msibani akanipa bahasha. Ilikuwa michango ya sare mpya, shilingi 860,000, kwa sababu mimi ndiye niliyepangiwa kwenda mjini kununua vitambaa. Haya nayajua leo. Siku ile, Mungu ni shahidi wangu, hayakuingia kichwani. Kila mtu alikuwa ananipa bahasha ya rambirambi na kunishika mkono. Nyingine nilimkabidhi shemeji, nyingine sijui nilizipeleka wapi.

Mwisho wa mwezi wa nne, baada ya mazoezi, tukakaa kusoma mapato na matumizi. Hela ya sare haipo. Nikamuuliza binti mbele ya wote. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Mwenyekiti, si nilikukabidhi wewe siku ile ya msiba?" Hapo damu ilinipanda. Niliona anatumia msiba wa kaka yangu kujifichia. Nilisimama nikamwambia, "Umekula hela ya Mungu, sasa unamsingizia mpaka marehemu?" Kuna waliocheka. Binti hakujibu. Aliweka kaunta buku lake juu ya kinanda, akatoka. Hajarudi kwaya wala ibadani. Kamati iliamua alipe kidogo kidogo. Mama yake ameshauza nguruwe, ameleta 150,000.

Wiki tatu baadaye mke wangu alilitoa lile koti jeusi la msibani alipeleke kwa dobi. Akapapasa mifuko, akaikuta bahasha kwenye mfuko wa ndani. Juu yake kuna mwandiko wa binti yule: "Sare. 860,000. Kwa M/kiti." Nimehesabu mara tatu. Haijapungua hata noti moja.

Leo ni wiki ya nne tangu siku hiyo. Bahasha iko kabatini chini ya soksi zangu. Anayejua ni mke wangu na rafiki yangu mmoja ambaye ni mzee wa kanisa. Mke wangu anasema nirudishe hela kimya kimya, niseme zimeonekana kwenye droo ya kwaya, yaishe. Rafiki yangu ndiye aliyenichanganya zaidi. Anasema mkubwa hajivui nguo mbele ya watoto. Anasema, "Usimguse masihi wa Bwana, hata Daudi alizini na akaua, na Mungu hakumnyang'anya ufalme. Wewe umesahau bahasha tu."

Nimefunga siku tatu. Nimesoma Zaburi ya 51 mpaka nikaikariri, na nimelia kwa machozi ya kweli. Naamini Mungu amenisamehe. Je, ni lazima na wanadamu wajue? Mwezi ujao tuna uchaguzi wa viongozi, na kuna kundi ambalo limekuwa likinisubiri nijikwae. Wakilipata hili watalila kama pilau. Njia nyingine ninayoifikiria ni kujiuzulu kwa sababu za kiafya (na kweli nina presha), niondoke na heshima yangu.

Kuna jingine, utacheka. Siku za Jumatano tuna somo la Biblia, na mwaka huu tunapitia vitabu vya Samweli. Zamu yangu ya kufundisha ni wiki ijayo, na imeangukia 2 Samweli sura ya 12. Niombe kubadilishana na mwenzangu?

Mwenye Koti, Iringa

*

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuzidi miaka michache, kwa hiyo shikamoo yako imefika mahali pake. Na kabla ya yote, pole kwa kufiwa. Umesimulia msiba wa kaka yako haraka haraka kana kwamba ni sehemu ya kesi tu, lakini mtu aliyezika nduguye mwezi wa tatu, mwezi wa nne bado ni mfiwa. Hasira iliyokupanda siku ile haikuwa ya hela peke yake, na sidhani kama kuna mtu amekwambia hivyo.

Sura ya 12 sijacheka. Nimetabasamu kidogo.

Nikikuelewa vizuri, shida yako ni hii: ulimtuhumu mtu hadharani kwa kitu ambacho hakufanya, ukweli umeupata wewe peke yako, na sasa kila njia ya kuutoa inakugharimu kitu ulichokijenga kwa miaka 17. Ukinyamaza unabaki na kiti lakini usingizi hauji. Ukisema, wale wanaokusubiri watakula pilau yao. Ukijiuzulu, unaondoka mlango wa nyuma. Ndivyo ulivyoiandika, na ndivyo mtu yeyote aliyewahi kuongoza angeiandika.

Ila niliposoma barua yako mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari kila mahali ulipomtaja binti yule baada ya siku aliyotoka. Nilipata sehemu moja: hajarudi kwaya wala ibadani, atalipa kidogo kidogo, mama yake ameuza nguruwe. Kisha ukaendelea na koti. Baada ya hapo hayumo tena, isipokuwa mwandiko wake juu ya bahasha. Aya nzima umempa rafiki yako, nusu aya wapinzani wako, presha yako nayo imepata mabano. Sikulaumu kwa hilo. Mtu akiumwa jino haoni mguu wa mwenzake. Lakini jiulize kwa nini hadithi inayomhusu yeye imegeuka kuwa hadithi ya kiti chako.

Twende kwa Daudi, maana rafiki yako amekutolea mfano wake na wewe umeupokea nusu.

Ni kweli hakunyang'anywa ufalme. Lakini soma sura ya 11 na ya 12 kwa kufuatanisha uone muda uliopita katikati. Nabii Nathani anapofika kumkemea, mtoto wa Bathsheba, mke wa Uria ambaye Daudi alizini naye, ameshazaliwa. Yaani ni miezi ambayo mfalme aliamka, akala, akakaa barazani akaamua kesi za watu, na hakuna aliyesema kitu. Yoabu, mkuu wa jeshi, alikuwa anajua; barua ya kumuua Uria ilifika mkononi mwake, na aliyeibeba alikuwa Uria mwenyewe. Watumishi waliotumwa kumleta yule mwanamke walikuwa wanajua. Daudi hakuwa amesahau. Alikuwa amezoea. Wewe una wiki nne, na tayari umeanza kuandika "umesahau bahasha tu" kwa mdomo wa rafiki yako. Kusahau bahasha lilikuwa jambo la mwezi wa tatu, na nani asingesahau siku ya kumzika kaka yake. Kilichotokea mwezi wa nne ni kingine, na kinachoendelea sasa hivi kabatini ni kingine tena. Ukivichanganya hivi vitatu utajihukumu kwa kosa dogo kuliko yote na kujisamehe makubwa.

Nathani hakuja na kesi ya uzinzi wala ya mauaji. Alikuja na kisa cha mifugo. Tajiri ana kondoo na ng'ombe tele. Maskini ana mwana-kondoo mmoja tu, amemlea pamoja na watoto wake, anakula tonge lake, analala kifuani pake. Mgeni akaja, tajiri akaona uchungu kuchinja wake, akamchukua yule mmoja wa maskini. Daudi akawaka hasira, akasema lazima alipwe mara nne. Ndipo nabii akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Mdogo wangu, wewe mwenyewe umeandika kwamba mama wa binti ameuza nguruwe. (Nathani angeshangaa kwa mnyama tuliyemchagua huku kwetu, lakini nadhani kisa angekielewa.) Sijui kama alikuwa naye mmoja au kumi. Wewe pengine unajua, unaishi nao. Na 150,000 ile imepokelewa kwa deni ambalo halipo, huku 860,000 zikiwa zimelala chini ya soksi. Mambo mengine yote ya barua yako yanaweza kusubiri ukiyatafakari: uchaguzi, kujiuzulu, namna ya kusema. Hili sioni kama linasubiri, kwa sababu kila wiki unayoitumia kutafakari kuna mwingine anailipia, na pengine kuna mnyama mwingine bandani.

Sasa Zaburi ya 51. Siyatilii shaka machozi yako. Mule ndani kuna mstari ambao watu wazima wenye vyeo huupenda sana, nami niliwahi kuupenda kwa sababu hiyo hiyo: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Mtu anaweza kuingia chumbani na mstari huo, akafunga mlango, akamalizana na Mungu, akatoka amepona, na nje Uria bado amekufa. Lakini angalia maneno yaliyoandikwa juu ya zaburi yenyewe, yale madogo tunayoyaruka. Yanataja siku Nathani alipomwendea mfalme. Na kabla ya hapo imeandikwa: kwa mwimbishaji. Toba ya mfalme ilipelekwa kwa kiongozi wa waimbaji! Ikapewa sauti, watu wakaifanyia mazoezi. Wewe ni mtu wa kwaya, unajua wimbo ukishafika kwa mwimbishaji haubaki siri ya mtu. Sisemi kwa hiyo nawe usimame mbele ya watu 43. Ninachosema ni kwamba zaburi uliyoitumia kufunga mlango, yenyewe iliachwa mlango wazi.

Na ile ya "usimguse masihi wa Bwana". Rafiki yako anakupenda, hilo naliona. Lakini rudi uone nani aliyasema maneno hayo na lini. Hakuyasema mfalme Sauli, masihi mwenyewe, kujikinga. Aliyasema Daudi kujizuia, yuko gizani pangoni, upanga mkononi, adui yake kageuza mgongo. Ni maneno ya aliye chini akikataa kulipa kisasi kwa aliye juu. Aliye juu akiyachukua na kuyavaa mwenyewe, yanageuka kuwa koti jingine la kufichia bahasha. Isitoshe, katika habari yenu anayeguswa ni nani?

Rafiki wa namna hii ana historia ndefu ikulu. Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, alipoombwa na watu awapunguzie mzigo, aliwauliza kwanza wazee waliomtumikia baba yake. Wakamwambia, watumikie watu hawa leo, nao watakuwa watumishi wako siku zote. Akawaacha, akawauliza vijana waliokua pamoja naye, na "vijana" hao tusidanganyike: Rehoboamu mwenyewe alitawazwa akiwa na miaka 41. Wakamfundisha aseme kidole chake cha mwisho ni kinene kuliko kiuno cha baba yake. Makabila kumi yakaondoka. Wale marafiki hawakuwa maadui zake. Walikuwa wanamwambia alichotaka kukisikia kuhusu ukubwa wake.

Ninayemfikiria zaidi kila nikiisoma barua yako ni Sauli, na nakuomba usiudhike, maana Sauli tunamwonea sana kwenye mahubiri. Alianza vizuri kuliko wote. Siku ya kutangazwa mfalme hakuonekana. Walimkuta amejificha kwenye mizigo. Mtu wa watu 9 na ngoma iliyopasuka, ungesema. Miaka ikapita, akashinda vita, akajisimamishia ukumbusho Karmeli. Nabii Samweli alipomfuata kumuuliza kwa nini hakutii agizo la kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao, Sauli alisema ametii, huku kondoo wa nyara wanalia nyuma yake. Mwishowe alikiri. Watu husahau kwamba Sauli naye alisema "nimekosa". Ila sentensi yake haikuishia hapo: nimekosa, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Akasujudu, ibada ikaendelea, na wote waliokuwapo wakaona mfalme na nabii wake wako sawa.

Kwa hiyo kujiuzulu "kwa sababu za kiafya" sikusukumi nako wala sikuzuii, ila pima hapo. Presha unayo, basi si uongo. Lakini wewe utaondoka na keki na risala ya shukrani, binti atabaki mwizi, na bahasha itabidi iende mahali fulani. Ukiona kwamba umechoka na miaka 17 imetosha, hilo ni jambo la heshima na lina mlango wake. Swali ni kama unataka kupumzika au unataka kuheshimiwa mbele ya wazee.

Njia ya mama watoto naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa mtu anayekuona usiku usipolala. Ina faida moja kubwa: hela zinarudi haraka na mama wa binti anapumzika. Hatari yake ni hiyo droo. Funguo za droo ya kwaya anazo nani? Nadhani ni mweka hazina. Watakaosikia kwamba hela "zimeonekana kwenye droo" watasema binti alizirudisha kwa kuogopa. Mtakuwa mmemtuhumu mara ya pili, na safari hii kwa ushahidi.

Kumwendea yeye kwanza, kabla ya kamati na kabla ya mchungaji, kuna uzuri wake. Yeye ndiye aliyesema kweli na akaitwa mwongo. Ana haki ya kuwa wa kwanza kusikia kwamba alisema kweli. Hatari ziko mbili. Anaweza asikupokee, akakufungia mlango au akakaa kimya kama alivyokaa siku ile, na utatamani kumlazimisha akusamehe ili wewe ulale. Na hatari ya pili ni kwamba yaishie hapo sebuleni kwao. Ulimvunjia jina mbele ya watu 43 ukalijenga mbele ya mama yake tu. Labda yeye atataka hivyo, labda hapendi kutajwatajwa tena. Hilo ni lake kusema, na utalijua kwa kumuuliza.

Kusema mbele ya kwaya nako kuna mtego, na mtego wenyewe ni machozi. Mara ya kwanza Daudi alipomwachia Sauli roho yake pale pangoni, Sauli alipaza sauti akalia, akamwita mwanangu, akasema wewe ni mwenye haki kuliko mimi. Ukigeuza kurasa mbili tatu unamkuta tena nyikani na watu 3,000 anamtafuta Daudi yule yule. Sisemi machozi yale yalikuwa ya uongo. Nadhani yalimtosheleza. Mkubwa akilia mbele ya watu, watu humkimbilia yeye. Akina mama watakubembeleza, mtu ataanzisha pambio, na aliyekosewa, kama yupo, atabaki amesimama pembeni akionekana mgumu wa moyo kwa kutokulia. Ukichagua njia hiyo, pengine maneno machache makavu yanamfaa binti kuliko ushuhuda wa nusu saa: alinipa, nilisahau, nilimwita mwizi, hizi hapa, mwandiko wake huu.

Kuna kosa langu nitakusimulia, ni fupi. Nilikuwa mkuu wa shule ya bweni. Nilimkemea mpishi mbele ya wanafunzi kwa sababu ya sukari, nikatumia neno ulilotumia wewe. Baadaye nikakumbuka kwamba sukari ile niliihamisha mimi kwenda stoo nyingine. Sikumwambia kitu. Nilimnunulia kitenge kizuri cha wax, nikampelekea jikoni, nikamwambia "hii ni zawadi yako, mama." Alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Tulifanya kazi pamoja miaka minne baada ya hapo na sikuwahi kumwona amekivaa hata siku moja. Nilipostaafu nilimtafuta, nikaambiwa alishahamia kwa watoto wake mkoa mwingine.

Kuhusu kundi linalokusubiri: huenda unalijua vizuri kuliko mimi, na siwezi kukuhakikishia kwamba halitakula. Daudi baada ya Nathani hakurudi kwenye raha. Mwanawe Amnoni alipomharibu dada yake, Biblia inasema mfalme alikasirika sana, basi. Haisemi alifanya lolote. Mtu ambaye lake halijakaa sawa sauti yake ya kukemea huwa ndogo. Baadaye Absalomu, mwanawe mwingine, akasimama njiani penye lango akiwaiba watu mioyo mmoja mmoja. Kwa hiyo ndiyo, ufalme ulibaki, lakini rafiki yako asikwambie ulibaki vile vile. Unaweza kusema kweli na ukashindwa uchaguzi. Unaweza kusema kweli wakakuchagua tena kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Yote mawili nimeyaona. Ila kuna swali ambalo hata wapinzani wako hawajaliuliza, na ni zuri: kwa nini 860,000 zilitoka mkononi mwa mweka hazina bila saini? Nadhani ni kwa sababu binti wa miaka 26 hawezi kumwambia Baba Mwenyekiti, tena msibani, "kwanza saini hapa." Torati ilimtaka mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Kitabu cha hati ya malipo chenye saini mbili ni kitu cha elfu chache dukani. Ukibaki kwenye kiti au ukitoka, hicho unaweza kuwaachia.

Na Jumatano? Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, hakuna dhambi hapo. Kufundisha pia kunawezekana, ila sina hakika kama utafika mstari wa 7 sauti ikiwa imetulia. Kama utakuwa umeshakwenda kwa binti kabla ya siku hiyo, utaifundisha sura moja. Kama hujaenda utaifundisha nyingine, ingawa maneno ni yale yale.

Ukipata nafasi wakati wa kujiandaa, ruka mbele kidogo hadi sura ya 23, kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi. Ni majina matupu, hakuna anayeyahubiri. Nenda moja kwa moja jina la mwisho kabisa, kabla hawajajumlisha kwamba wote pamoja ni 37. Ni Uria Mhiti. Aliyeandika kitabu alijua yote yaliyotokea, na hakumfuta. Hata Mathayo, baada ya vizazi vingi, akiupanga ukoo wa Yesu alipofika kwa Sulemani hakuandika Bathsheba. Aliandika: yule mke wa Uria.

Ukienda kwa binti, chukua bahasha ile ile, usihamishie hela kwenye mpya. Ile 150,000 ya mama yake iwe peke yake, ukamkabidhi yeye mwenyewe. Na lile kaunta buku aliloliacha juu ya kinanda, ulizia liko wapi.

Niandikie Alhamisi.